Gundi iliyogeuka chokaa

Ishara ya kwanza niliiona asubuhi, nikaifurahia. Gundi iliyokuwa imechuruzika kati ya fito za mtumbwi niliokuwa nauunda ilikuwa nyeupe pe, kavu, nikiikwaruza kwa ukucha inatoka unga. Nikajiambia, leo imekauka kuliko siku zote.

Ilikuwa Oktoba, mjini Duluth, jimbo la Minnesota, kwenye banda la gari nyuma ya nyumba tuliyopanga. Mimi ni mtu wa Pangani. Mjomba wangu alikuwa akijenga ngalawa na mashua kabla sijazaliwa, na chombo nilichokijua utotoni ni cha misumari, mataruma, yaani mbavu za mbao, na kalafati. Upenyo unashindiliwa pamba, juu unapaka sifa, yale mafuta ya samaki, chini unapaka deheni ya chokaa na mafuta. Kikivuja, kinapandishwa pwani, kinakalafatiwa, kinarudi majini. Chombo cha gundi sikuwahi kukisikia.

Minnesota nikavikuta. Ni mitumbwi ya fito za mwerezi, myepesi kiasi cha mtu mmoja kuubeba mabegani kutoka ziwa hadi ziwa. Kabla yake Waojibwe, wenyeji wa maziwa yale, walikuwa wakishona mitumbwi ya maganda ya miti kwa mizizi na kuziba mishono kwa utomvu uliochanganywa na mafuta ya wanyama na mkaa. Niliposikia habari ya huo utomvu na mafuta niliikumbuka deheni ya kwetu, na tangu hapo sikutulia mpaka nianze wangu, wa futi 17.

Kazi yenyewe ina raha yake. Unasimamisha kalibu, vibao vilivyokatwa kwa umbo la mtumbwi, kila baada ya sentimita 30 juu ya boriti ndefu, kisha unazivisha fito, unene milimita 6, upana milimita 19 hivi, moja juu ya nyingine. Ukingo mmoja wa ufito umechimbwa mfuo, wa pili umeviringwa, ili ufito wa juu ukae ndani ya mfuo wa ule wa chini. Humo ndani unatia gundi, unabana, unaacha. Umbo likikamilika linapigwa randa na msasa, ndipo linavishwa kitambaa cha nyuzi za kioo na epoksi, gundi ya kemikali inayoganda ngumu, nje na ndani. Wapo wanaosema gundi ya kati ya fito si kitu, maana mzigo utabebwa na kitambaa. Sikubaliani nao hata kidogo. Kabla kitambaa hakijafika kuna siku nyingi za randa, na siku zote hizo hakuna kinachozifanya fito kuwa kitu kimoja isipokuwa gundi.

Septemba kila kitu kilikwenda vizuri. Nikibana, gundi inatoa jasho, vitone vinafuatana kwenye mstari kama shanga, na kesho yake vimekuwa rangi ya asali, vigumu. Oktoba upepo wa Ziwa Superior ukageuka. Nikitoka kazini jioni nawasha hita, nasubiri nusu saa, kipimajoto cha ukutani kinaniambia kuna joto la kutosha, naweka ufito mmoja au miwili, nazima, naenda kulala. Hivyo ndivyo nilivyoweka fito tisa, zote zikiamka na ule weupe niliouona ni baraka.

Usiku wenyewe nilikuwa nakunja ufito wa kumi kuelekea omo, yaani mbele ya chombo. Hapo ndipo pagumu pa mtumbwi, kwa sababu ufito uliokuwa umesimama ubavuni lazima ujisokote ili uifuate omo. Nikausukuma kwa kiganja. Nikasikia tak, tak, tak, kama mtu anayefungua vifungo vya shati kwa haraka. Chini ya mkono wangu mshono wa fito mbili nilizotangulia kuweka ulikuwa umeachia, kutoka kalibu ya kwanza hadi ya tatu, upana wa kupitisha kisu cha mezani. Nikamulika tochi ndani. Upande mmoja unga, upande wa pili mbao safi kama haijawahi kuguswa. Hapakuwa na hata unyuzi mmoja wa mwerezi ulioshikwa.

Kwangu ilikuwa saa tatu usiku, Pangani saa kumi na moja alfajiri. Nilijua ameamka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko? Mbona sauti imekufa?"

Nikamwonyesha kwa kamera. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Gundi hiyo ni ya mafuta au ya maji?"

"Ya maji, mjomba."

"Haya. Kipupwe kikiingia, mafuta ya nazi ya mama yako yakishaganda chupani, yanapakika?"

"Hayapakiki."

"Weka shavu kwenye hiyo mbao."

Nikaweka. Hita ilikuwa inawaka, uso wangu una joto, na mwerezi ulikuwa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu.

"Umenielewa?" akasema, na akaenda kuswali.

Gundi ile hajawahi kuishika maishani mwake. Nikaichukua chupa, nikasoma maandishi madogo ya nyuma ambayo sikuwa nimeyasoma: isitumike chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, kama 13 za Selsiasi. Gundi ya aina hiyo ni chembe ndogo mno zinazoelea majini. Maji yakiondoka, chembe hulainika na kuyeyukiana zikawa utando mmoja. Kwenye baridi maji huondoka vilevile, ila chembe hubaki kila moja peke yake, na hiyo ndiyo chokaa niliyokuwa naikwaruza. Hita ilipasha hewa. Mbao, na ile boriti nzito chini yake, hazikupata kitu.

Fito tisa nilizibandua kwa mkono, bila kisu, na hilo liliniuma kuliko lolote. Gundi mpya haiwezi kuingia mbao iliyokwisha kuzibwa na ya zamani, na ukikwangua mfuo kwa msasa unaharibu umbo lake. Saba nikazitupa. Mbili nikazikatakata ziwe vipande vya majaribio.

Nikafunika kazi yote kwa turubai kama chandarua, nikaweka ndani hita ya umeme yenye mafuta ndani yake, ikawaka usiku na mchana. Ya gesi niliikataa kwa sababu ya moshi na unyevu wake. Kipimajoto nikakitoa ukutani, nikakibandika kwenye mwerezi wenyewe, na chupa ya gundi ikahamia jikoni. Baada ya siku mbili nikaunganisha vipande, upande wa ukingo mpya uliopigwa randa muda uleule. Jozi moja nikaiweka ndani ya turubai, nyingine nje yake.

Kesho yake ile ya nje iliachia kwa vidole viwili. Ya ndani niliigonga kwenye ukingo wa meza mara tatu. Ilipasuka pembeni ya mshono, ndani ya mbao, na mstari wa gundi ukabaki mzima umeng'ang'aniwa na nyuzi nyekundu. Nikaipiga picha, nikamtumia mjomba.

Akajibu kwa sauti: "Hapo sasa. Endelea."

Usiku ule niliweka ufito mmoja tu. Asubuhi, kabla ya chai, nikainua turubai nikaviangalia vitone. Vilikuwa rangi ya asali, na ukucha wangu haukuvitoa.