Nilivyochagua TV ya mpira na gemu: boksi niliweka kando, nikachomeka PS5

Namba kubwa kwenye boksi nyingi za TV ni za kuuzia. Utakuta 200 au 240 karibu na neno "Motion", kumbe kioo chenyewe kinabadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde, yaani 60Hz. Hata "HDMI 2.1" si ushahidi, maana kiwanda kinaruhusiwa kuandika hivyo hata kama tundu halipitishi picha kali ya 4K kwa 120Hz. Kwa hiyo swali langu dukani lilikuwa moja: tundu lipi hapa linapokea 4K kwa 120Hz? Muuzaji akianza maelezo marefu, nahamia duka jingine.

Mwenye PS4 ya kawaida asijisumbue na haya. Mwisho wake ni 1080p (Full HD) kwa 60Hz. Hela hiyo aongezee kwenye ukubwa wa kioo au spika.

Ukubwa niliupata kwa tepu. Pima kutoka kichwa cha aliyekaa kwenye kochi hadi TV itakapokaa, gawa kwa 1.5, unapata kipimo cha kioo kona hadi kona. Kwangu mita 2.1 ilitoa sentimita 140, ambazo ni inchi 55. Ukizidisha sana, gemu litapendeza bado, ila chaneli za king'amuzi zisizo HD zitakukera.

Aina ya kioo ndipo pa kufikiria. VA ina weusi mzito, nzuri usiku taa zikizimwa, lakini anayetazama kutoka pembeni huona rangi zimepauka. IPS inawatendea haki waliokaa pembeni, ila weusi wake gizani ni kijivu. OLED inazishinda zote mbili kwa weusi na kasi, na bado niliiacha: nyumba ambayo chaneli moja inawaka kutwa, nembo ileile kona ileile, alama inaweza kubaki kwenye kioo moja kwa moja. Kochi letu linatazamana na TV, nikachukua VA.

Dukani nilikwenda na PS5, waya wake, na flashi yenye picha tupu za rangi moja moja. Nyeusi inaonyesha mwanga unaovuja kingoni na doti zilizogoma kuzima. Nyeupe inaonyesha doti zilizokufa. Kijivu inaonyesha madoa ambayo baadaye utayaona kamera ikifuata mpira kwenye nyasi. Haya yafanyike kabla ya kulipa. Kioo kikipasuka njiani waranti kwa kawaida haikigusi, kwa hiyo TV isafirishwe ikiwa imesimama, isilazwe.

Kwenye PS5 ingia Settings, Screen and Video, halafu Video Output Information. Hapo utasoma TV inakubali nini hasa. Ikiishia 60Hz usiilaumu haraka, matundu mengi hutoka kiwandani hayajafunguliwa. Samsung washa Input Signal Plus, LG ni HDMI Deep Colour, Sony chagua Enhanced format, na uwashe kwenye tundu lilelile ulilochomeka. Waya uwe uliokuja na PS5 au ulioandikwa Ultra High Speed. Waya dhaifu hufanya picha ipotee na kurudi, na ukizidi mita 3 shida huongezeka.

Kuna mtego mwingine: TV nyingi zina matundu mawili tu ya 120Hz, na mara nyingi moja ndilo hilohilo la eARC, linalopeleka sauti kwenye saundiba. Mwenye PS5, kompyuta ya gemu na saundiba ahesabu kwanza.

Game Mode iwashe, au hakikisha TV ina ALLM ijiwashie yenyewe. Bila hiyo TV hukaa ikisafisha picha, na amri ya pedi inaweza kuchelewa milisekunde 100. Kwa gemu la 60Hz hizo ni fremu sita. Kipa wako ameshafungwa. Ndani ya Game Mode TV nzuri hushuka hadi kama 10. VRR, yaani kioo kufuata kasi ya fremu za gemu, PS5 iliipata Aprili 2022; hufanya kazi kati ya 48Hz na 120Hz, na haipiti kwenye tundu la HDMI 2.0.

Ukiletewa TV kutoka Marekani, soma stika ya nyuma. Kama haijaandikwa 100-240V, umeme wetu wa 230V unaweza kuiunguza, na kipokezi chake cha antena hakitasoma DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali wa huku.

Mwisho nilinunua tivii gadi. Umeme ukirudi, husubiri kwanza utulie ndipo iruhusu upite. Ya ampea 5 inabeba zaidi ya wati 1,000. TV ya inchi 55 na PS5 kwa pamoja hazifiki nusu yake, kwa hiyo zote mbili zinakaa humo.