Fedha ya Kamati si Fedha Yako: Kuishi kwa Kazi ya Kuratibu Sherehe

Vijana wengi, hasa mabinti waliomaliza chuo na hawajapata ajira, huniandikia wakiuliza mtaji wa kuanzisha biashara ya kuratibu sherehe ni shilingi ngapi. Nalielewa swali lao. Anayeitazama kazi hii akiwa ameketi kwenye kiti cha mgeni huona maua, taa, vitambaa na meza kuu iliyopambwa, na huamini kwamba hivyo ndivyo vitu tunavyouza. Mimi ninaishi kwa kazi hii hapa Dar es Salaam, na ushauri wangu wa kwanza huwa uleule: kabla hujafikiria mapambo, jifunze kusimamia fedha za watu wengine mpaka siku ya sherehe bila senti kupotea na bila mtoa huduma kubaki anadai. Wapambaji wazuri tunao wengi, tena wengine ni mafundi wa hali ya juu. Wanaoweza kushika bajeti ya kamati na kuifikisha salama ni wachache, na hao ndio wanaoitwa tena.

Harusi zetu nyingi hugharimiwa kwa michango. Familia huunda kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kadi za mchango husambazwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, na kila mtu hutaja ahadi yake. Ugumu wa kazi yetu umo katika tofauti kati ya ahadi na fedha taslimu. Tuchukue mfano wa kamati iliyoandikisha ahadi za shilingi milioni 20. Zikibaki wiki tatu, daftari linaweza kuonyesha milioni 11 zilizokwisha kuingia, ilhali mwenye ukumbi anataka malipo yote kabla ya siku, mpishi anataka nusu ili anunue nyama na mchele, na mpiga picha hatoki nyumbani bila advansi. Wachangiaji wengi hutoa siku za mwisho kabisa, baada ya mishahara kutoka, na wapo wanaotuma mchango asubuhi ya harusi yenyewe. Ukipanga matumizi kwa kufuata ahadi, utaingia madeni ambayo kamati haitaki kuyasikia baada ya maharusi kwenda fungate.

Ndiyo maana katika kikao cha kwanza huwa sizungumzii rangi za sare wala aina ya maua. Hukaa pembeni ya mweka hazina, tukachora safu tatu katika daftari lake: aliyeahidi, alichotoa, na tarehe aliyosema atamalizia. Kisha naomba ruhusa ya mwenyekiti tuandike bajeti mbili. Ya kwanza ni ya mambo ambayo bila hayo sherehe haipo, yaani ukumbi, chakula, vinywaji, muziki na mshereheshaji. Ya pili ni ya mambo yatakayoongezwa kadiri fedha zinavyoingia, kama vile matarumbeta, ukuta wa maua, fataki au gari la pili. Wazee wa kamati huukubali utaratibu huu haraka kuliko vijana, kwa sababu wengi wao wamewahi kubaki na deni la harusi ya mtoto wa ndugu.

Kutokana na bajeti hizo mbili hutoka ratiba ya malipo, nayo ndiyo mgongo wa kazi nzima. Kwa ndoa zinazotangazwa kisheria tunajua mapema kwamba tarehe haiwezi kuibuka ghafla: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya nia ya kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza ndoa kwa Jumapili tatu. Mimi hutumia vipindi hivyo kama alama za njiani. Tangazo la kwanza likisomwa, ukumbi uwe umelipwa wote. Likisomwa la tatu, mpishi awe ameshapokea sehemu yake ya kwanza na idadi ya wageni iwe imefungwa. Kila mtoa huduma husaini karatasi moja tu, lakini iliyo kamili: anatoa nini, anafika saa ngapi, amelipwa kiasi gani, anadai kiasi gani, na asipofika atarudisha nini. Watu wanaofahamiana huona aibu kuandikishana. Aibu hiyo ndiyo inayozaa ugomvi ukumbini saa nne usiku, wakati mwenye jenereta anatishia kulizima.

Fedha zenyewe zikae wapi? Msimamo wangu ni kwamba mratibu asipokee michango kwenye simu yake hata kama familia inamwamini kama mtoto wao. Michango iende kwa mweka hazina, katika akaunti au namba iliyofunguliwa kwa ajili ya sherehe hiyo peke yake, na malipo yatoke huko moja kwa moja kwenda kwa mtoa huduma, nami nibaki na nakala ya risiti. Anayechanganya fedha ya kamati na fedha ya nyumbani kwake, hata kwa siku mbili na hata kwa nia njema, atajikuta analipa mpishi wa harusi ya Machi kwa michango ya harusi ya Mei. Biashara nyingi za fani hii hufia hapo, na wenyewe husema zimekufa kwa kukosa wateja.

Jambo hilo linahusiana na lingine ambalo watu hulizungumza kwa kunong'ona, nalo ni cha juu. Mpambaji anataka milioni mbili, mratibu anaiambia kamati milioni mbili na nusu, na tofauti inaingia mfukoni. Najua wanaoishi hivyo na najua sababu zao: wateja wetu wengi hawajazoea kulipia ushauri na usimamizi, vitu visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo mratibu anaona heri aufiche ujira wake ndani ya bei ya viti. Hata hivyo nauona mtindo huu kuwa unatuumiza sote. Dar es Salaam ni kubwa, lakini duru ya wapambaji, wapishi na washereheshaji ni ndogo, na siku moja mjumbe wa kamati atakutana na mpambaji yuleyule katika harusi nyingine, atauliza bei, na jina lako litakuwa limekwisha. Tena cha juu kinakuondolea haki ya kumbana mtoa huduma akichelewa, kwa sababu anajua siri yako. Dai ada yako waziwazi, iandike katika bajeti kama mstari unaojitegemea, na uwe tayari kueleza unachokifanya kwa ada hiyo.

Sasa hesabu yenyewe, kwa mfano tu. Chukua harusi ya wageni 250 ambapo chakula ni shilingi 25,000 kwa sahani, ambayo ni 6,250,000. Ongeza ukumbi, mapambo, vinywaji, muziki, picha, keki na usafiri, ufike kwenye milioni 17 au 18. Ukiomba ada ya 1,500,000 kwa harusi hiyo, itabidi utoe posho ya wasaidizi wanne kwa 40,000 kila mmoja, nauli na mafuta ya kuzunguka kukagua watoa huduma labda 150,000, simu na bando 60,000, na uchapishaji wa ratiba na orodha 30,000. Utabaki na 1,100,000, kabla ya kodi, kwa kazi iliyokuchukua miezi miwili au mitatu. Kwa harusi moja huwezi kulipa pango Sinza na kusomesha mtoto. Unahitaji kuwa na sherehe kadhaa zinazoendelea kwa wakati mmoja zikiwa katika hatua tofauti, lakini zisiangukie Jumamosi moja, mpaka upate msaidizi unayeweza kumwachia ukumbi mzima. Ndiyo maana nasema sendofu na kicheni pati zisidharauliwe. Ada yake ni ndogo, lakini familia ikikuona umeendesha sendofu kwa utulivu, harusi inakufuata.

Chakula nakipa uzito wa pekee kwa kuwa ndicho kinachovuja fedha kuliko kitu kingine chochote. Mama mmoja wa bibi harusi aliwahi kuniambia, baada ya mimi kumwamkia na kumwonyesha orodha, "Marahaba, mwanangu, lakini hii ni sherehe ya ukoo, mimi siwezi kumwacha mtu." Sikubishana naye, kwani alikuwa anasema kweli kuhusu ukoo wake. Nilimwomba tu anitajie majina, tukaandika nyongeza ya watu 30, tukazidisha kwa bei ya sahani mbele ya mwenyekiti, na kamati ikaamua yenyewe ni nini kipunguzwe ili wale watu wapate chakula. Siku ya tukio, mlangoni hukaa wasaidizi wawili. Mmoja anakagua kadi, kama ni ya mtu mmoja au ya wawili, na mwingine anatoa kuponi ya chakula. Mwishoni kuponi zilizokusanywa kwenye meza ya chakula huhesabiwa mbele ya mpishi na mweka hazina, na kamati inalipa sahani kulingana na mkataba, bila kubahatisha. Mpishi mwaminifu huufurahia utaratibu huu, maana naye unamlinda dhidi ya kamati inayodai kwamba chakula hakikutosha.

Kipato cha kazi hii kina misimu, na anayeianza lazima ajipange kwa miezi ya ukame. Kanisani ndoa nyingi hazifungwi wakati wa Kwaresma, na Waislamu wengi hawafanyi harusi katika mwezi wa Ramadhani. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, miaka ya 2025 na 2026 mifungo hiyo miwili imeangukia karibu pamoja, na kwetu huo ni muda mrefu bila Jumamosi yenye kazi. Baada ya Pasaka na baada ya Idi simu hazikatiki. Masika ya Machi hadi Mei nayo yana gharama yake, kwani sherehe ya bustanini bila turubai la akiba ni kucheza na fedha za watu. Desemba wateja wenye asili ya Kilimanjaro hutaka sherehe zifanyike nyumbani Moshi, Rombo au Machame, ukoo wote ukiwa umepanda kwa Krismasi, na mratibu wa Dar es Salaam anayejua watoa huduma wa huko, pamoja na mahali pa kupata ndafu, yaani mbuzi mzima, iliyochomwa vizuri, ana kazi ya uhakika.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Usinunue viti, maturubai wala vitambaa mwanzoni, kodisha. Mitindo hubadilika haraka, na kuna watu wenye stoo zilizojaa vitambaa vya kufunika viti vya plastiki ambavyo hakuna bibi harusi anayevitaka tena tangu viti vya rangi ya dhahabu vishike soko. Fedha uliyo nayo iende kwenye simu nzuri, daftari la hesabu, akiba ya miezi mitatu ya matumizi ya nyumbani, na usajili. Sajili jina la biashara kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, chukua namba ya mlipakodi kwa mamlaka ya mapato, TRA, kisha leseni ya biashara katika halmashauri yako. Uliza mapema pia kuhusu vibali na sauti ya muziki, kwa sababu malalamiko ya kelele hufika baraza la mazingira, NEMC, na serikali ya mtaa, na mwenye ukumbi hatakubebea lawama. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, orodha ya majina na namba za simu za wachangiaji nayo ni dhamana. Usiitumie kuwatangazia watu biashara yako bila ridhaa yao.

Usajili huo ndio unaofungua mlango wa mikutano, semina na uzinduzi wa bidhaa za makampuni, kazi ambazo hazijali Kwaresma. Huko lugha ni nyingine: wanataka ankara, risiti ya mashine ya kielektroniki, na wanakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada ya huduma kabla ya kukulipa, kwa hiyo omba cheti cha zuio ili kiasi hicho kihesabiwe katika kodi yako ya mwaka. Kampuni inaweza kulipa siku 30, 60 au zaidi baada ya kazi. Usikubali kuwalipia watoa huduma kutoka mfukoni kwa kutegemea malipo hayo; dai nusu kabla, au acha kazi hiyo kwa mwenye mtaji mkubwa mpaka siku yako ifike.

Nirudi kwenye harusi, kwani kuna hatua moja ambayo waratibu wengi huiruka wakiwa wamechoka, nayo ni kikao cha kuvunja kamati. Wengi hukichukulia kama siku ya kula na kunywa kilichobaki. Mimi huenda na taarifa ya kurasa mbili: jumla ya ahadi, jumla iliyoingia, kila malipo na risiti yake, kuponi zilizotumika, kilichobaki na kilikokabidhiwa. Namsomea mwenyekiti mbele ya wajumbe wote, mweka hazina anasaini, nakala moja inabaki kwa familia na nyingine kwangu. Katika chumba hicho wamo watu 15 au 20 ambao kila mmoja ana mtoto, mdogo wake au mpwa anayekaribia kuoa au kuolewa, na maswali yao juu ya taarifa ile, hata yale makali, nayajibu moja baada ya jingine mpaka yaishe.