Vyuma Viwili Chini ya Sahani

Nimerudi nyumbani Chumbageni, hapa Tanga, mikono ikinuka mafuta ya taa, na kabla sijaoga nataka kuandika yaliyotokea wiki hii kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda, ya Land Rover ya marehemu baba. Kwa miaka minne niliamini jambo lisilo sahihi kuhusu injini ile, kwamba taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, ni namba moja tu ya kutafutwa kwa sikio, na ubaya ni kwamba nililiamini kwa sababu nilikuwa nikiisikiliza kwa makini.

Gari lenyewe ni Series IIA, injini ya petroli ya sentimeta za ujazo 2,286, silinda nne zinazowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Desturi yangu ilikuwa kulegeza klampu, kuishika distribyuta na kuizungusha taratibu huku injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, mpaka mlio uwe laini na mzunguko uongezeke. Hapo nakaza, nafuta mikono, naona kazi imekwisha. Lakini kila nilipoiacha Muheza na kuanza kupanda kuelekea Amani, injini iligonga kama njugu zinazotikiswa ndani ya mkebe. Nikichelewesha cheche ili isigonge, gari lilikuwa zito hata kwenye tambarare na bomba la eksozi likapata moto kupita kiasi. Nililaumu petroli, kisha nikailaumu kabureta na kuinunulia jeti mpya, fedha ambayo bado inaniuma.

Ijumaa nililipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima wa Ngamiani, aliyezijua injini hizi tangu zilipokuwa zikihudumia mashamba ya mkonge. Baada ya shikamoo na marahaba hakuuliza gari linasumbua nini. Alichomoa bomba la vakyumu, lile linaloleta mvuto wa hewa ya injini kwenye distribyuta, akafunga taa ya taimingi kwenye waya wa plagi ya kwanza, akamulika puli, gurudumu la mkanda lililo mbele ya injini. Alama ilisimama kwenye takriban nyuzi 15 kabla ya pistoni kufika kileleni, na alipovuta mafuta hadi injini ikapiga kelele, alama haikusogea hata kidogo. Akazima injini, akafungua vibanio viwili vya kifuniko, akaisokota rota, kipande kinachozunguka ndani yake, kwa vidole kuelekea upande inakozungukia, akaiachia. Ilipaswa kurudi yenyewe kwa nguvu ya springi, nayo haikusokoteka wala kurudi.

“Mwanangu,” akasema, “umekuwa ukirekebisha saa iliyosimama.”

Nilielewa maneno yale usiku, nilipokaa na karatasi. Mchanganyiko wa hewa na petroli hauripuki papo hapo. Unaungua kwa muda, sehemu chache za elfu za sekunde, na msukumo wake mkubwa unatakiwa umkute pistoni ameanza tu kushuka. Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, inageuka nyuzi 3.6 katika kila sehemu ya elfu ya sekunde. Ikifika mara 3,000, inageuka nyuzi 18. Cheche inayowahi vya kutosha kwenye mwendo wa kwanza imechelewa mno kwenye wa pili. Kwa hiyo taimingi haiwezi kuwa namba moja. Mimi nilikuwa nimeiwahisha sana ili kufidia, nikapata mlio mtamu gari likiwa limesimama uani na mateso mlimani, ambako mzunguko ni mdogo na mzigo ni mkubwa.

Kazi ya kuiwahisha cheche kadiri mwendo unavyoongezeka ni ya vyuma viwili vidogo vilivyofichwa chini ya sahani ya pointi, ile swichi ndogo ambayo ikifunguka cheche inatoka. Injini ikikimbia vinatanuka kwenda nje na kuisukuma mbele kamu inayozifungua pointi, na springi mbili huvirudisha mwendo ukipungua. Vyangu vilikuwa vimeganda kwa kutu na grisi iliyokauka ikawa kama lami. Gari lile lililala nje Raskazone miaka mingi, na upepo wa chumvi wa pale hauachi chuma salama. Tuliviloweka katika mafuta ya taa usiku mzima.

Jumamosi asubuhi, wakati wa kurudisha, niliona springi moja nyembamba imekaza vizuri, na nyingine nene imelegea, kitanzi chake kirefu kikicheza kwenye kipini. Nikaona imechoka, nikachukua plaizi nikibane kitanzi. Fundi alinishika mkono. Kumbe kimetengenezwa hivyo: springi nyembamba inafanya kazi peke yake mwanzoni, cheche ikawahi upesi, kisha vyuma vikishatanuka kiasi ile nene nayo inashika na kupunguza kasi ya kuwahisha, kwa kuwa injini ikienda mbio mchanganyiko unavurugika zaidi ndani ya silinda na kuungua haraka zaidi. Ningekibana kitanzi kile ningeiharibu kabisa distribyuta ambayo ilikuwa na ugonjwa wa uchafu tu.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Tulianza na uwazi wa pointi, milimita 0.38, kwa sababu ukiugusa uwazi taimingi nayo inahama; ukipungua, pointi zinachelewa kufunguka. Kisha pistoni ya kwanza ikapandishwa kwenye mgandamizo, alama ya puli ikalinganishwa na jino la nyuzi 3, na balbu ya volti 12 ikaunganishwa kati ya waya wa pointi na bodi. Nikaizungusha distribyuta kinyume na rota, kwa pumzi iliyobanwa, mpaka balbu ikawaka, ishara kwamba pointi zimefunguka. Pale pale nikakaza.

Leo nimepanda Amani kwa gia ya tatu. Iligonga mara moja tu, kwenye kona kali nikiwa nimekanyaga mafuta yote, na niliposimama kugeuza kidogo nati ya kurekebishia taimingi kuelekea herufi R, yaani kuchelewesha, haikurudia. Ila ikiwa imesimama uani sasa inaunguruma kwa ukali kidogo, haina ule ulaini niliouzoea, na jirani amekwisha kuniuliza kama gari linaumwa.