"Usimwambie mtu"

Nimetoka kwa wakala wa pesa hapa Newala, hasira bado sijazimeza.

Mbele yangu alikuwa bibi mmoja. Hela za korosho zimeanza kuingia, na matapeli nao msimu wetu wanaujua.

Kuna mtu kampigia, anajiita wa benki: malipo yake yamekwama, atume 50,000 yafunguliwe.

Bibi akafungua pindo la kanga taratibu. Noti zimekunjwa ndogondogo, na katikati yake kikaratasi cha namba ya siri, mjukuu kamwandikia kwa tarakimu kubwa ili aone. Akamnyooshea wakala vyote.

Wakala, Mungu ambariki, hakupokea. "Bibi, benki haikudai hela ndiyo ikupe hela yako."

Simu ikaita palepale. Tukasikia: "Fanya haraka, na usimwambie mtu."

Usimwambie mtu! Mama wa watu!

Bibi akakata mwenyewe.

Ile namba ya tapeli tumeiripoti kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Kikaratasi amerudi nacho pindoni.

Ndugu zangu wa Masasi, Tandahimba, Nachingwea, wazee wenu wamepigiwa? Wanaambiwaje huko? Andikeni hapa, nitamsomea mama yangu jioni hii.