Nilivyojifunza kufunga orodha, kwanza Dubai kisha chuoni

Nafasi ya kwenda Dubai sikuipata kwa barua ya maombi. Niliipata kupitia mama mkubwa, anayeuza mabaibui Kariakoo na ambaye mizigo yake imekuwa ikipitia ofisi moja ya kargo kule Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya biashara, natafuta pa kufanyia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Wenzangu walikuwa wanazunguka mjini na bahasha za chuo, na waliobahatika waliishia kupanga mafaili ya watu kwenye kabati. Mama mkubwa akapiga simu. Mwenye ofisi, mzee wa Kizanzibari aliyekulia Muscat, akamuuliza, "Huyo binti anaweza kujumlisha bila kusimamiwa?" Akajibiwa kuwa anaweza. Basi ikawa hivyo, Julai 2024, likizo ndefu ilipoanza.

Nitangulize suala la karatasi, kwa sababu vijana wengi huumia hapo kabla hata hawajaanza kazi. Kufanya kazi Dubai kwa viza ya matembezi ni kosa, hata kama anayekuajiri ni mjomba wako wa damu. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kumwajiri, na inamkataza kukaa na hati zake. Kwa hiyo mtu wa Dar anayekudai mamilioni "ya kibali" ana lake jambo. Ofisi yetu ilinikatia kibali kwa gharama zake, na pasipoti ilikaa kwenye begi langu mpaka siku ya kurudi. Idara chuoni nayo ilitaka barua ya mwajiri, mpango wa kazi na jina la msimamizi. Vyote vikapatikana.

Yule mzee sote tulimwita Ami: mimi, vijana wa Kerala waliokuwa wakipakia, hata dereva wa Kipakistani ambaye Kiswahili chake kilianzia na kuishia hapo. Biashara yake ni kontena la kuchangia. Mfanyabiashara wa Kariakoo hana mzigo wa kujaza kontena zima. Ana katoni thelathini za viatu, marobota matano ya vitambaa, na vikorokoro vya simu alivyookota Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za Kichina. Analeta ghalani, anapimiwa, analipia nafasi aliyochukua. Kipimo ni CBM, yaani mita za ujazo: urefu mara upana mara kimo. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM 0.12, kwa hiyo katoni mia ni CBM 12. Kontena la futi arobaini, lile la kimo kirefu, limeandikwa kama CBM 76, ila anayepakia kweli anajua akifika 66 au 68 amefanya kazi nzuri, kwa sababu katoni hazikubaliani maumbo.

Kazi yangu ilikuwa futikamba na daftari. Kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba sheria ya kule inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, hivyo shughuli nzito tuliifanya asubuhi na jioni. Mchana nilikaa ofisini nikilinganisha karatasi tatu: tulichopokea, anachosema mteja, na kilichoandikwa kwenye ankara ya dukani. Zikigongana, mteja anapigiwa simu siku hiyohiyo. Ami hakuruhusu hesabu ilale.

Lakini kilichonibadilisha ni siku ya kufunga kontena.

Kila kontena lilikuwa na siku na saa ya kufungwa, na ikifika, limefungwa. Nilishuhudia mama mmoja wa makamo akiingia na teksi, katoni nne tu, saa moja baada ya muda. Milango ya kontena bado ilikuwa wazi, wapakizi wamekaa wanakunywa chai ya karaki, na nafasi ya katoni nne ilionekana kwa macho. Mama akaanza kwa upole: "Ami, mimi si mgeni kwako." Akamaliza kwa machozi. Ami akamkaribisha kiti, akamwagizia maji, akamwandikia risiti ya kontena linalofuata. Katoni hazikuingia.

Nyumbani tungesema mzee ana roho ngumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kumhukumu moyoni mpaka aliponionyesha karatasi iliyokwisha kutumwa kwa wenye meli. Tangu Julai 2016 kontena halipandi melini bila uzito wake kuthibitishwa na kutumwa mapema, sharti la kimataifa la usalama wa meli. Ukiongeza katoni baada ya hapo, uzito si ule, orodha ya mzigo si ile, na kontena linaweza kuachwa na meli pale bandari ya Jebel Ali. Na humo ndani kuna watu ishirini. Kuna aliyeleta mzigo wake wiki mbili kabla, kuna aliyekopa, kuna anayesubiriwa na msimu wa harusi. "Huyu analia mbele yako," Ami akaniambia, "wale hawapo hapa walie."

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa manukato na pawabenki. Manukato yanashika moto, betri za lithiamu nazo zina masharti yake. Vyote vinatakiwa vitajwe na kupakiwa kwa utaratibu wake. Wateja walipenda kuvificha katikati ya nguo ili waepuke gharama. Boksi moja lisilotajwa likigunduliwa bandarini, kontena zima linasimama, na gharama za kukaa bandarini hazichagui nani mkosaji.

Nilifikiri somo ni ukali. Ilinichukua muda kuona kwamba kufunga mlango ilikuwa sehemu ndogo ya kazi ya Ami, na kwamba kubwa aliifanya wiki kadhaa kabla. Hakupanga siku ya kufunga kwa kuangalia ratiba ya meli peke yake. Aliwauliza wateja wake wadogo fedha zao zinaingia lini, nani anasubiri mauzo ya mwisho wa mwezi, nani anategemea mchezo wa upatu wa wanawake wenzake. Kisha akachagua meli ambayo hata yule wa katoni kumi angeiwahi. Baada ya hapo ujumbe ulikwenda kwa kila mteja, ukarudiwa, na ukarudiwa tena. Nafasi ikikaribia kujaa, tulipiga simu wateja wakiwa bado kwenye maduka ya Naif, palepale Deira: "Dada, imebaki CBM mbili. Ukinunua zaidi ya hapo, mzigo utasubiri." Hapo ndipo hapana inapomsaidia mtu, fedha ikiwa bado mkononi mwake. Simu hizo nilizipiga mimi, nami nilizichukia mwanzoni. Nimelelewa kwamba mtu mzima haambiwi hapana kavukavu na mtoto. Nikajifunza kuanza na salamu kamili, habari za watoto, kisha kutaja namba. Namba ikishatajwa hakuna aliyekasirika sana.

Nilirudi Oktoba. Mwezi uliofuata nikagombea uenyekiti wa umoja wa wanafunzi wa biashara chuoni kwetu, nikashinda kwa kura chache. Kampeni siisimulii, zilikuwa vipeperushi na ahadi kama za kila mwaka.

Kazi kubwa ya umoja ni safari ya mafunzo. Kwa miaka mingi orodha ya safari ilikuwa ikifungwa asubuhi ya safari yenyewe, mlangoni mwa basi. Aliyelipa wiki tatu nyuma anakuta kiti chake kimekaliwa na rafiki wa kiongozi, anaambiwa "vumilia, tutabanana". Mwaka huo tulipanga kwenda Dodoma, kuona biashara ya zabibu wakati wa mavuno, na tukaamua kwenda kwa treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, iliyokuwa imeanza kufika Dodoma miezi michache kabla. Daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000 kwenda peke yake. Tiketi ya treni inatoka kwa jina na kitambulisho. Hakuna kubanana.

Kamati ilitaka tufunge orodha mwishoni mwa Januari ili tuwe na muda mrefu wa maandalizi. Nikakataa, na nilikataa kwa sababu ya bumu, fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa wanafunzi. Nusu ya wanachama wetu wanaishi kwa fedha za mkopo. Kabla bumu halijaingia, mtu anakula mihogo ya kukaanga mchana na usiku. Ukifunga orodha kabla ya bumu, umeandaa safari ya watoto wenye wazazi wa kuwalipia, hata kama tangazo linasema "wanachama wote mnakaribishwa". Tukasubiri. Bumu lilipoingia tukahesabu siku tatu, tukatangaza siku na saa ya kufunga, na kila jioni mweka hazina alibandika orodha ya waliolipa, kwenye ubao na kwenye kundi la WhatsApp, majina na nafasi zilizobaki. Zilipobaki kumi niliwapigia simu wale waliokuwa wamejiandikisha bila kulipa. Salamu kamili, habari za nyumbani, kisha namba.

Saa ilipofika nikafunga. Dakika arobaini baadaye akaja kijana aliyenipigia kampeni bweni kwa bweni, mtu niliyemwita kaka bila kutania. Fedha anayo mkononi. Tiketi tulikuwa hatujakata bado, na yeye alilijua hilo. Akasema, "Mwenyekiti, hata mimi?" Nikamwambia orodha imeshatumwa kwa wote, kuna watatu walioandikwa akiba mbele yake, nami siwezi kumrusha juu yao. Jioni hiyo nikapigiwa simu na mwalimu mmoja aliyetaka "vijana wake wawili" waongezwe. Naye nikamjibu vilevile, kwa shikamoo na heshima zote, mikono ikinitetemeka. Mwalimu alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Yule kaka hakunisalimia hadi muhula ukaisha, na sitasema kwamba haikuniuma.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri, kwa hiyo haina hadithi ndefu. Tulitembelea mashamba upande wa Makutupora, tukaona kwa nini mkulima wa zabibu yuko mashakani kila msimu: mavuno ni mara mbili kwa mwaka, tunda halingoji, na asiye na mnunuzi inabidi akamue mchuzi wa zabibu auhifadhi kwenye matangi, kama anayo matangi. Mkulima mmoja alituambia bei anaisikia siku ya kupeleka mzigo, zabibu zikiwa zimeshakatwa. Wenzangu waliandika hilo kama tatizo la masoko. Mimi niliwaza zile simu za Naif: huyu hakuna anayempigia kabla hajakata.

Tuliporudi tulitoa hesabu ndani ya wiki, kila risiti ikiwa imeambatishwa, na baki ikarudishwa kwa kila msafiri kwa simu. Ilikuwa fedha ya chapati na chai. Wapo waliocheka, wapo waliodhani ni matapeli wanaowatumia fedha "kimakosa" ili wadai irudishwe.

Kwenye mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka nilipeleka pendekezo kwamba utaratibu huo uingizwe kwenye katiba ya umoja. Ubishi ulikuwa mkali kuliko wa uchaguzi. Waliopinga walisema viongozi wajao watafungwa mikono, na kwamba binadamu ana dharura. Mmoja akauliza kama mtu akifiwa naye ataambiwa saa imepita. Swali lilikuwa zuri. Tukaongeza kifungu: mwenye dharura anaweza kumwachia mwingine nafasi yake au kurudishiwa fedha yake yote kabla ya tiketi kukatwa, ila hakuna nafasi inayoundwa kwa ajili ya mtu baada ya kufunga. Sehemu niliyoipigania zaidi ni ile inayosema siku ya kufunga isiwekwe kabla ya siku tatu tangu bumu kuingia. Hiyo ilipita bila kupingwa. Ya kufunga kwa saa ilipita kwa tofauti ya kura sita, na yule kaka, nilimwona, alinyoosha mkono upande wa ndiyo.