Kulungu wa shemeji na moto kwa grupu ya familia

Kila mwaka ikifika mwisho wa Novemba shemeji yangu wa Wisconsin hutuma kwa grupu ya familia picha ya kulungu aliyempiga risasi, na kila mwaka tunajifanya hatujaona, mtu anaweka kaemoji kamoja halafu stori zinarudi kwa bei ya mahindi na karo. Mwaka huu haikupita hivyo juu aliyekua kwa picha si shem mwenyewe, ni kijana wake, mpwa wangu, bado ako shule ya msingi, amepiga magoti kando ya dume ameshika pembe na mikono yote miwili, jaketi ya rangi ya chungwa, na anacheka vile watoto hucheka wakifunga bao.

Anko akaandika kwa herufi kubwa: HUYO MTOTO MNAMFUNZA UJANGILI.

Basi. Moto ukawaka, na mimi tangu siku hiyo nimekua nikiyafikiria haya maneno hata nikiwa kwa matatu, ndio nimeona heri niandike.

Wacha kwanza niwaeleze hawa watu juu bila kuwajua hutaelewa kelele ilitoka wapi. Anko ni ndugu ya mama, alikua renja mpaka akastaafu, na miaka yake mingi aliifanya upande wa Kitale pale Saiwa, ile mbuga ndogo kuliko zote za Kenya, kilomita mraba tatu haifiki, ilitengwa 1974 na sababu kubwa ilikua mnyama mmoja tu, nzohe, swala wa kinamasi. Kama hujawahi kumuona nzohe usijali, kazi yake ni kujificha, akishtuka anaingia majini kwa yale matete anazama anabakisha pua. Anko anaweza kukuongelesha nzohe jioni nzima mpaka chai ipoe. Lakini pia ana stori zingine ambazo hapendi sana kusimulia, za mitego ya waya, juu waya haichagui, unatega ukitaka paa unapata mwenye mimba, unapata mbwa wa jirani, na mnyama anaweza kukaa hapo usiku wote akivuta mguu mpaka waya inafika kwa mfupa. Yeye akiona picha ya mtu amechekelea mnyama aliyekufa haoni kitu kingine.

Shem naye kwao ni Bungoma, alienda Marekani kwa kazi ya uuguzi, na nikwambie ukweli huyu mtu akiwa huku hata kuku alikua anachinjiwa. Wenzake wa kazini ndio walimpeleka mara ya kwanza. Sasa ikifika msimu hakuna mtu anampata kwa simu.

Alijibu na sauti ndefu ajabu, nimeisikiza zaidi ya mara moja, na kama anasema ukweli (na mengi nimeangalia, ni ukweli) basi kule mambo si vile Anko anafikiria. Msimu wa bunduki Wisconsin ni siku tisa, unaanza Jumamosi kabla ya ile sikukuu yao ya kushukuru. Unanunua laisensi, kwa mkaaji wa jimbo ni dola ishirini na kitu. Kama ulizaliwa kuanzia 1973 kuja mbele lazima kwanza upitie kozi ya usalama wa bunduki. Ile nguo ya kung'aa si maringo, ni sheria, ndio mwenzako asikupige risasi akidhani wewe ndio mnyama. Ukiangusha kulungu unamripoti kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho yake, na nyama yake huruhusiwi kuuza, unakula, unagawa, au unapeleka mahali wanapopea watu wasiojiweza chakula. Mambo ya mtoto nayo, tangu 2017 kule hakuna hata umri wa chini, bora awe na mtu mzima wa kumwelekeza karibu naye. Hiyo ya mwisho mimi bado haijanishuka vizuri kooni, lakini ndio sheria yao.

Halafu kuna hesabu. Huyo kulungu si kama hawa swala wetu, huyu ni wa Marekani mwenye mkia mweupe kwa chini, dume huota pembe zenye matawi halafu zinaanguka kila mwaka anaota zingine, na jike kwa kawaida huzaa mapacha. Kufikia 1900 hivi walikua karibu kuisha nchi nzima, wamebaki laki kadhaa tu, juu watu waliwapiga bila mpango na kuuza nyama sokoni. Leo wako kama milioni 30. Mbwa mwitu na puma waliokua wakiwala walimalizwa sehemu nyingi, mashamba ya mahindi na soya yakaongezeka, basi wakazaana. Wanakula miche ya msitu mpaka msitu haukui, wanabeba kupe wa ugonjwa wa Lyme, wanagongwa na magari usiku na watu wanakufa. Na tangu 1937 kuna sheria inayokata ushuru wa asilimia 11 kwa bunduki na risasi za kuwindia, pesa inaenda kwa kutunza wanyama. Kwa hivyo mwindaji wa kule anakuangalia usoni anakwambia mimi ndio ninawalipia hawa, wewe unayelia umelipa nini?

Lakini usidhani Wamarekani wote wako upande wa shem. Dadangu mwenyewe hapiki hiyo nyama, ati inanukia majani, shem anajipikia na kujitengenezea soseji huko chini kwa besimenti. Jirani mmoja anawawekea tufaha kwa uwanja, wa upande wa pili anawalaani juu wamemaliza maua yake, na hao wawili hawaongei. Dadangu anasema kazini ukitaka kujua mtu alikulia mjini au mashambani taja tu kulungu. Na hata wawindaji wenyewe wanagawanyika, kuna wanaotaka nyama, kuna wanaotaka pembe kubwa ya kutundika ukutani, na wa nyama huwadharau wa pembe kimyakimya.

Sasa nirudi huku. Mimi naishi Nakuru, upande wa Mwariki, ua la mbuga si mbali na kwetu, na ziwa vile limepanda miaka hii limekula mpaka geti la zamani la mbuga, malisho yamepungua, na wanyama wamebanwa kati ya maji na stima ya ua. Huku mtu akiamka akute mnyama kwa shamba hasemi "kuna nyati". Anapiga simu anasema njooni mchukue mnyama wenu. Wenu! Hilo neno limenikaa kichwani kuliko yote, juu ukisoma sheria, yetu na yao zinakaribiana sana. Kule mnyama wa porini si wa mwenye shamba, serikali inamshikilia kwa niaba ya wananchi. Huku pia ni hivyo hivyo. Tofauti ni vile fungu la mwananchi linamfikia. Shem, mtu wa Bungoma aliyehamia juzi tu, fungu lake liko kwa friza. Mtu wa hapa anayepakana na mbuga fungu lake ni nyani kwa jikoni, na nyati akimuua familia inajaza fomu ya fidia, shilingi milioni 5 kwa sheria ya 2013, halafu wanasubiri, na kuna watu wamesubiri miaka. Sheria hiyo hiyo inasema hata ukitega paa mmoja wa kupikia watoto umefanya kosa la kufungwa.

Na hii haikuanza na serikali ya juzi. 1909 Roosevelt, aliyekua ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alikuja huku na kijana wake Kermit, wakazunguka Naivasha, Sotik, wakapanda mpaka Uasin Gishu, na wawili hao waliangusha wanyama zaidi ya 500. Baba na mtoto, bunduki, picha na mizoga. Unaona sasa mbona picha ya shem ilimchoma Anko vile? Enzi hizo mzungu alinunua laisensi akaitwa mwanaspoti, na mwenyeji mwenye upinde na mbwa wake akaitwa mwizi. Kukhu, yaani nyanya yetu, anasema babake alikua akitoka na wenzake, mbwa wakiwa na kengele shingoni, nyama inagawanywa kwa kila boma na kuna kipande kilikua cha mwenye mbwa na hakigusiki, halafu ikafika wakati wakaacha kwa kuogopa askari. Hakuna aliyewauliza.

Waogiek wa Mau hawa majirani zetu ndio wamefikisha hiyo stori mbali zaidi, watu ambao kuwinda na kurina asali ndio maisha yao, wakafurushwa msituni ati wanaharibu, wakaenda mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Mei 2017 wakashinda. Mahakama ilisema huwezi kuwafukuza kwa kisingizio cha kuhifadhi msitu wakati si wao waliouharibu. Kushinda kwa karatasi lakini, wenyewe watakwambia ardhi ni kitu kingine.

Kuwinda kwa spoti kulipigwa marufuku Kenya 1977. Nilikua nadhani hapo ndio wanyama waliokolewa, tumefunzwa hivyo, na kwa ndovu na kifaru sibishi. Lakini kuna utafiti ulitoka 2016 uliohesabu wanyama wa nyanda zetu za malisho kuanzia huo huo mwaka wa 1977, na wamepungua kwa asilimia 68. Muda huo huo kondoo na mbuzi wakaongezeka kwa asilimia 76. Soma tena hizo namba polepole. Swala wengi hawakuisha kwa bunduki ya mtu mwenye jaketi ya chungwa, waliisha kwa ua, ploti, waya, na mbuzi. Na mbuzi mwenyewe tunamjua, ndio huyo wa Jumapili, robo mbili na kachumbari, na hapo kwa meza ndio watu wanatoa simu kuangalia picha ya mpwa wangu na kusema aki huyo mnyama maskini.

Hata pia kuna samaki. Nenda Kisumu uone watu wakipiga picha na mbuta mkubwa amening'inizwa kwa mashavu, mdomo wazi, wote wanacheka, hakuna mtu amewahi kuita hiyo ujangili. Sijui mbona. Labda juu samaki halii.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi turudishe uwindaji huku. Nimewaza na sioni. Kulungu wao hana simba wala chui wa kumpunguza, wetu wanao, na juu yake wana waya. Hesabu ya kule hufanywa kila mwaka, eneo kwa eneo, wanajua wapi wapunguze majike na wapi waache. Huku laisensi ikianza tu najua zitaishia kwa nani, si kwa huyo mama wa Mwariki aliyekulwa mahindi, zitaishia kwa wageni wenye dola na mkubwa fulani mwenye ranchi, na askari wataendelea kufukuza kijana mwenye kisungura kimoja kwa gunia. Na nyama pori ikikubaliwa buchani nani atatofautisha iliyotoka kwa mpango na iliyotoka kwa waya? Sisi wenyewe tunakaa karibu na Naivasha, tumekula vitu tukaambiwa baadaye ni punda.

Kwa hivyo na Anko nakubaliana kuhusu hapa. Kuhusu kule hapana, na kumuita mtoto jangili ni kumuonea. Nilimwambia hivyo Anko kwa simu, si kwa grupu, akanyamaza halafu akaniuliza kama hao kulungu wana ugonjwa. Nikamwambia wanao, kuna mmoja wa ubongo, hauna dawa, ulionekana Wisconsin mara ya kwanza 2002, na shem hupeleka kichwa kipimwe kabla ya kula. Akasema "angalau hapo anatumia akili." Kwa Anko hiyo ni sifa kubwa.

Picha dadangu ameshaifuta. Lakini Kukhu alikua ameshaonyeshwa na mtoto wa jirani mwenye simu kubwa, na yeye hakuuliza laisensi wala mbuga wala miaka ya mtoto. Aliuliza ngozi ilipelekwa wapi. Ikabidi nimuulize shem, akasema kuna mahali mtu anaweza kuiacha ikakusanywa lakini wengi hutupa tu, yeye mwenyewe ya mwaka jana alitupa. Niliporudisha hilo jibu Kukhu alikasirika kumshinda Anko, na amesema shem akikanyaga nyumbani mwezi wa nane ataanza kwanza na yeye.