Nyumba ya paneli na aibu ya kiungo

Kazi yangu ni nembo, rangi na herufi. Wateja wangu wengi ni maduka ya dawa, vikoba, shule za awali, na mara mojamoja kampuni ya maji ya chupa. Safari hii nimepata anayeuza nyumba. Nyumba zenyewe ni za paneli: zinatoka kiwandani vipandevipande, zinapakiwa kwenye semi, zinafungwa kwa skrubu juu ya jamvi la zege, na mwenye nyumba anahamia wakati jirani yake bado anadunduliza hela ya kupaua.

Alichotaka ni nembo yenye paa na jani. Paa kwa kuwa anauza nyumba, jani kwa kuwa siku hizi kila kitu ni mazingira. Nikamwambia, kaka yangu, pita Barabara ya Bagamoyo hapa Dar kutoka Mwenge hadi Bunju uangalie mabango, mapaa na majani utayaona mpaka yakukinai. Akacheka, kisha akanipa sharti lenyewe hasa: "Ila dada, kikubwa isionekane kama nyumba ya paneli."

Niliomba kwanza kuiona ya mfano, iliyosimamishwa huko Goba. Ukuta ni bati jembamba nje, bati jembamba ndani, katikati povu gumu. Rangi nyeupe kabisa, paa limelala, madirisha madogo ya aluminiamu yamepandishwa juu. Wakati tunazunguka akaja mama mmoja wa jirani, kanga begani, anataka kujua kinachoendelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ni nyumba, au ofisi ya saiti?"

Hajajibiwa, akakunja kidole akagonga ukuta, mara mbili. Ngo, ngo. Akanitazama, akatingisha kichwa, akaenda zake. Mteja wangu alikasirika, mimi nikaona ule ndio utafiti wa soko uliobaki kufanywa. Mji huu tunajua sauti ya ukuta. Tofali la saruji likigongwa halijibu. Na wengi wetu tumekua tukipita kwenye kota za zamani za mabati kuanzia ukuta mpaka paa, zile zilizobatizwa "fulu suti", na hakuna aliyekuwa akiota kuishi humo. Paneli ya leo haipitishi joto kama bati lile, lakini anayepita barabarani hajui, anachoona ni bati.

Jibu la mteja kwa tatizo hilo lilikuwa nyumba ya pili ya mfano, hatua chache kutoka ile ya kwanza. Hiyo imepigwa wavu na lipu juu ya paneli, imepakwa rangi ya krimu, na barazani zimesimamishwa nguzo mbili za Kirumi, zile za kumwaga kwenye kalibu. Kwa mbali unapigwa chenga kweli. Ukisogea unaona nyufa. Hazikukaa ovyo kama nyufa za nyumba iliyotitia. Zote ziko wima, kutoka ukingo wa paa hadi chini, na kati ya ufa na ufa ni mita moja na kidogo, upana wa paneli. Bati linatanuka jua likiwaka na kujikunja usiku, lipu haiwezi kufuata mwendo huo, basi inapasuka palepale paneli zinapokutana. Umelipia saruji, umelipia fundi, na ukuta umekwenda kuchora mahali pa kila kiungo ulichokuwa unakificha.

Kwangu mimi sura ya nyumba ya kiwandani iko hapo kwenye kiungo, kabla hata ya kufikiria logo. Tofali lina sura yake, makuti yana sura yake, na udongo na fito vina yake. Paneli nayo ina mpigo wake: upana uleule, mstari, upana uleule, mstari. Ukiufuta unabaki na nyumba ya tofali ya bandia, tena mbovu.

Najua nitaulizwa habari za Sears. Kampuni ile ya Marekani iliuza nyumba kwa katalogi ya posta kuanzia 1908 hadi 1940, zinakadiriwa kufika 70,000 au zaidi, mbao zikiwa zimekatwa tayari na kusafirishwa kwa treni. Hazikujitangaza kwa sura hata kidogo. Ukiiweka katikati ya majirani huijui mpaka uingie chini ukakuta herufi na namba zilizogongwa kwenye boriti. Walificha na wakauza. Sawa, lakini jirani naye alikuwa ana nyumba ya mbao. Mbao za kiwandani na mbao za fundi wa mtaani ni mbao tu, hakuna uongo uliosemwa. Sisi tunachukua bati tunalivika saruji.

Ninayoipenda mimi ni Lustron, ya Columbus, Ohio. Vita vya Pili vya Dunia vimekwisha, wanajeshi wamerudi na nyumba hazitoshi, na Carl Strandlund anaamua kutengeneza nyumba nzima ya chuma kilichopakwa enameli, enameli ileile ya masinki na majiko. Ukuta wa nje ni miraba ya kama sentimita 60 kwa 60, mmoja baada ya mwingine, na kati yake mstari unaonekana wazi wala hauombi radhi. Rangi zilikuwa chache zenye kupoa: buluu ya maji, njano ya mahindi, kijivu cha njiwa, kahawia ya jangwa. Ndani nako chuma, kwa hiyo picha za familia zilining'inizwa kwa sumaku. Kila nyumba ilipewa kibati chenye namba yake, kama cha kwenye injini. Lori lilipangwa vipande kwa mpangilio wa ujenzi, fundi akishusha anakutana na anachokihitaji. Ukiona Lustron hata leo, hata picha tu, huulizi ni ya nani.

Ilikufa 1950 baada ya nyumba kama 2,500. Watu wa biashara hunitupia hilo kila ninapoitaja. Iliyoiua ni hesabu: ilikopa zaidi ya dola milioni 30 za serikali, kiwanda kilikuwa kikubwa mno, na bei ikapanda kuliko iliyoahidiwa. Sura haikuwa na kesi.

Kuna kesi moja, hata hivyo, ambayo sura iliponza, nayo ilitokea Afrika. Jean Prouvé, Mfaransa, alitengeneza nyumba za aluminiamu na chuma kwa ajili ya makoloni: moja ikapelekwa Niamey 1949, mbili Brazzaville 1951. Hakuna kipande kilichozidi kilo 100, ili watu wawili waweze kubeba, na hakuna kilichozidi urefu wa mita nne, kwa kuwa ndipo mashine ya kukunjia ilipoishia. Paa mbili zenye nafasi ya upepo kati yake, kuta zenye matundu ya duara yaliyotiwa kioo cha buluu. Mimi ningeipa kazi ile alama zote. Maofisa wa kikoloni hawakuitaka. Ilikuwa ghali, na ilionekana kama kitu cha karakana; wao walitaka nyumba itakayowakumbusha kwao. Wenyeji wa Niamey na Brazzaville hakuna aliyewauliza. Mwaka 2007 moja ya zile za Brazzaville, ikiwa imeng'olewa na kukarabatiwa, iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni tano. Sasa ni sanamu.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mteja kwamba uwazi unauza, maana Prouvé alikuwa wazi na hakuuza. Nilichomwambia ni kuanzia mahali watu wa Dar wanapoitambulishia nyumba, nako si kwenye ukuta. Ukutani sisi tunaandika "NYUMBA HII HAIUZWI", na watu wa barabara wakitufikia tunachorewa X nyekundu ya kubomolewa. Nyumba yenyewe inatambulishwa na geti. Mwelekeze bodaboda kwako usikie unavyosema: "nyoosha, ukiona geti jeusi lenye simba wa dhahabu, la pili kulia." Watu wanahamia na madirisha ya mbao za kalibu lakini geti limekamilika, limechomelewa, limepakwa. Na huyu ndugu yangu kwenye orodha yake anauza ukuta, paa, milango, choo, hata jiko. Geti hana.

Basi mapendekezo yangu yamekaa hivi. Lipu iondoke. Kila kiungo kifunikwe kwa ukanda wa aluminiamu wa rangi iliyokoza, uliofungwa kwa skrubu zinazoonekana, ili fundi aweze kuufungua akitaka kubadili paneli. Nyeupe ya ofisi ya saiti iondoke nayo. Nimechagua rangi ya udongo wa Kisarawe kwa ukuta na kijani cha mwembe kwa ukanda. Baraza iwe ya kina, ya kukaliwa, kwa kuwa mtu akishakaa barazani hana haja ya kugonga ukuta. Namba ya nyumba na alama za vipande ziandikwe kwa herufi moja nene, zibaki zinasomeka baada ya kufungwa, maana anayeishi humo miaka mitano ijayo ataongeza chumba na atataka kujua aagize kipande gani. Tena geti litoke kiwanda hicho hicho, kwa upana na mpigo uleule wa paneli, rangi ya mlango achague mnunuzi.

Ukanda amekubali, kwa sababu ni rahisi kuliko lipu. Geti amekubali haraka zaidi, ameshaona faida yake. Nguzo za Kirumi anasema zibaki kama oda maalumu, kwa anayetaka. Jani bado tunavutana. Jana usiku amenitumia meseji kuuliza kama haliwezi kukaa hata dogo, pembeni ya kibati cha namba.